Ladha 13, nafasi 3 kwenye friji: mwongozo kamili wa kupima wateja wanapendelea nini

Mwombe mteja aipe kila ladha ya juisi alama kuanzia 1 hadi 5. Atakujibu nne, tano, nne, nne, tano. Ukikusanya majibu ya watu mia na kutafuta wastani, ladha zote zitabanana kati ya 4.1 na 4.5, na bado hutajua uzalishe ipi. Wengi wakifika hapo hudhani dawa ni kuongeza idadi ya watu. Hata ukihoji elfu moja utapata jedwali lile lile, maana tatizo liko kwenye swali.

Mtu akipewa alama za bure huzigawa bure. Zaidi ya hapo kuna adabu: umemsimamisha mtu kituoni, umemsalimia vizuri, unamwonyesha bidhaa yako, halafu unataka akwambie haifai? Hatakwambia.

Njia mbili ambazo watu hukimbilia baada ya hapo nazo zina kasoro. Ukimwomba mtu apange ladha zote 13 kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, mbili tatu za juu na mbili tatu za chini zitakuwa za kweli, ila za katikati atazipanga kwa kubahatisha ili aondoke. Ukimwomba ataje moja tu anayoipenda, utajua moja na kupoteza habari za kumi na mbili.

Mwongozo huu unatumia njia ya tatu: unamwonyesha mtu kadi nne kwa wakati mmoja, naye anakwambia angechukua ipi kwanza na angeiacha ipi mwisho. Watafiti wa masoko wanaiita MaxDiff. Nguvu yake iko hapa: kati ya ladha nne, mtu akichagua embe kuwa ya kwanza na tende kuwa ya mwisho, papo hapo umejua majibu ya jozi tano kati ya sita. Embe imezishinda zote tatu, na zile mbili za katikati zimeishinda tende. Usichokijua ni ipi kati ya hizo mbili iko juu ya mwenzake, na hilo litajibiwa kwenye seti nyingine.

Mfano wetu ni mtengenezaji mdogo wa juisi za chupa Dar es Salaam mwenye ladha 13 kichwani na nafasi ya ladha tatu kwenye friji za maduka. Wewe unaweza kuwa na majina 13 ya sabuni, nembo 13 za kifungashio au sababu 13 za mtu kujiunga na kikundi cha akiba. Hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Orodha ya vitu 13 unavyotaka kulinganisha. Kwa nini 13? Utaona kwenye hatua ya pili.
- Kadi 52 ngumu za ukubwa wa kiganja (13 mara nne, idadi ile ile ya karata) na vibanio au bahasha 13 kwa kila toleo la mpangilio (matoleo yanaelezwa kwenye hatua ya pili), na kadi nyingine 13 za swali la mwisho.
- Fomu za kujazia zilizochapishwa, au simu yenye KoboToolbox, ambayo unaweza kuanza nayo bila malipo na hukusanya majibu hata pasipo mtandao.
- Kompyuta yenye Excel, LibreOffice au Google Sheets. Huhitaji programu ya kulipia.
- Wahoji wawili au watatu wasiotoka kwenye familia yako wala kiwandani kwako.
- Ubao wa kushikia fomu na meza ndogo au stuli ya kupangia kadi. Usiidharau stuli. Kadi zikishikwa mkononi kama karata, ya mwisho haionekani vizuri.

## Hatua ya 1: Safisha orodha

Orodha ya mfano wetu ni hii, kila ladha na namba yake: 1 ukwaju, 2 embe, 3 pasheni, 4 nanasi, 5 ubuyu, 6 choya, 7 stafeli, 8 tikitimaji, 9 mabungo, 10 mapera, 11 chungwa, 12 tangawizi, 13 tende.

Pitia kila kitu kwa maswali matatu.

Kwanza, je, unaweza kukizalisha? Juisi ya miwa inapendwa, lakini inachacha upesi. Kama huna namna ya kuihifadhi, usiiweke. Ikishinda utafanyaje?

Pili, je, kuna pacha? Ukiweka "nanasi", "nanasi na tangawizi" na "nanasi na mnanaa", wapenzi wa nanasi watagawanyika na kila moja itaonekana dhaifu. Chagua moja sasa, na michanganyiko uipime baadaye.

Tatu, je, vyote ni vya ngazi moja? "Embe", "chupa kubwa" na "bei nafuu" haviwezi kukaa orodha moja kama unachotafuta ni ladha. Hapo utakuwa umeuliza maswali matatu kwa pamoja na kupata jibu la nusu swali.

Andika majina kama yanavyotamkwa mtaani pale utakapohoji. Kama wateja wako wanasema "rozela" na si "choya", kadi iseme rozela. Picha ziwe za namna moja: glasi ile ile, mwanga ule ule, kimo kile kile cha juisi. Picha moja ikiwa na barafu na nyingine haina, utakuwa unapima barafu. Bei isionekane kwenye kadi yoyote. Mwambie mhojiwa mwanzoni kwamba chupa zote ni za bei moja, na uitaje.

Umefanikiwa kama: umempa mtu asiyejua mradi wako orodha nzima, naye hakuuliza "hii na hii tofauti yake nini?"

## Hatua ya 2: Panga seti

Watu wengi huharibu hapa kwa kuchanganya kadi kiholela kila mara. Ukifanya hivyo, embe inaweza kutokea mara saba na choya mara mbili, au ukwaju usikutane kabisa na pasheni. Mpangilio mzuri una masharti mawili: kila kitu kitokee mara sawa, na kila jozi ikutane mara sawa.

Kwa vitu 13 kuna mpangilio unaotimiza yote mawili bila kubaki hata kadi moja: seti 13 za kadi nne nne, kila ladha inatokea mara nne, kila jozi inakutana mara moja tu. Ndiyo sababu nimekushauri ufike 13. Kama una 12, tafuta moja ya kuongeza, na kama una 15, punguza mbili. Nakili hivi:

Seti ya 1: 1, 2, 4, 10
Seti ya 2: 2, 3, 5, 11
Seti ya 3: 3, 4, 6, 12
Seti ya 4: 4, 5, 7, 13
Seti ya 5: 5, 6, 8, 1
Seti ya 6: 6, 7, 9, 2
Seti ya 7: 7, 8, 10, 3
Seti ya 8: 8, 9, 11, 4
Seti ya 9: 9, 10, 12, 5
Seti ya 10: 10, 11, 13, 6
Seti ya 11: 11, 12, 1, 7
Seti ya 12: 12, 13, 2, 8
Seti ya 13: 13, 1, 3, 9

Seti ya 1 basi ni ukwaju, embe, nanasi na mapera. Kila seti inayofuata ni ile iliyotangulia ikiwa imesogezwa namba moja mbele, na baada ya 13 unarudi 1. Ukikosea kunakili utajua haraka, kwa kuwa mfululizo utakatika.

Una vitu saba tu? Tumia seti saba za kadi tatu tatu: 1-2-4, 2-3-5, 3-4-6, 4-5-7, 5-6-1, 6-7-2, 7-1-3. Hapo kila kitu kinatokea mara tatu na kila jozi inakutana mara moja.

Sasa tengeneza matoleo matatu ya mpangilio: A, B na C. Seti za namba zinabaki zile zile, ila unagawa upya namba kwa ladha. Kwenye toleo A ukwaju ni 1. Kwenye B inaweza kuwa 9. Sababu ni kwamba katika toleo moja ukwaju hukutana na embe wakiwa na nanasi na mapera pembeni, siku zote. Majirani wakibadilika, matokeo hayategemei bahati ya ujirani. Kama bajeti ya kadi haitoshi matoleo matatu, fanya mawili. Moja linatosha kwa dharura tu.

Onyo: usizidishe kadi tano kwenye seti. Ukiweka nane, mtu ataanza kusoma mbili za kwanza na kuchagua humo.

Umefanikiwa kama: umehesabu na kuona kila ladha inatokea mara nne kwenye kila toleo, na bahasha za kila toleo zina kadi 52 bila pungufu.

## Hatua ya 3: Tunga swali ambalo mtu ataweza kulijibu bila aibu

Miongozo mingi ya kigeni husema uliza "ipi bora zaidi?" na "ipi mbaya zaidi?" Hilo la pili likiulizwa mitaani kwetu, unapata kicheko, "zote nzuri tu", au mtu anayekwepa kwa kusema hajawahi kuionja. Watu wetu hawapendi kukiita chakula kibaya mbele ya mwenye nacho.

Geuza swali liwe la tendo. Neno la kulaumu liondoe kabisa:

*"Chukulia una kiu, umefika dukani, friji lina hizi nne tu na bei ni moja. Ungechukua ipi kwanza?"*

Akijibu, igeuze kadi hiyo kifudifudi, kisha:

*"Na ipi ingekuwa ya mwisho kabisa kuichukua?"*

Hakuna aliyesema kitu ni kibaya, na bado umepata unachokitaka. Yule anayesema "zote nzuri" mjibu, "Ndiyo, zote nzuri, lakini mkono mmoja tu ndio unaingia kwenye friji." Akisema hajawahi kuonja mabungo, mwambie achague kama angekuwa dukani leo. Kutokuonja nako ni habari, maana ndivyo atakavyokuwa siku chupa yako itakapofika.

Usiruhusu jibu la "sijui" kwenye fomu. Kisanduku kikiwepo, mhoji aliyechoka atakitumia kuliko mhojiwa.

Umefanikiwa kama: umejaribu kwa watu wachache wa rika tofauti, na hakuna aliyekuuliza "una maana gani ya mwisho?" Ukilazimika kufafanua swali, liandike upya; ufafanuzi wa mdomo kila mhoji atautoa kwa namna yake.

## Hatua ya 4: Amua utahoji nani, wangapi na lini

Nani: mnunuzi. Anza na swali la kuchuja, "Ndani ya siku saba zilizopita umenunua juisi ya chupa au ya pakiti?" Asiyenunua mshukuru na umwache aende. Maoni yake ni mazuri, lakini hayataleta hela kwenye friji.

Wangapi: kila mhojiwa atakupa alama kwa kila ladha kati ya −4 na +4, yaani mara alizoichagua ya kwanza toa mara alizoiweka ya mwisho. Tuseme majibu yametawanyika kwa mkengeuko sanifu (umbali wa kawaida wa jibu kutoka kwenye wastani) wa 2. Ukihoji watu 50, wastani wa ladha moja utakuwa na shaka ya karibu 0.55 juu au chini. Watu 150 hushusha shaka hadi 0.32, na watu 300 hadi 0.23. Kuanzia 150 unaongeza gharama maradufu ili upate uhakika kidogo, kwa hiyo 150 ni kituo kizuri. Ila ukitaka kulinganisha makundi mawili, mfano wanafunzi wa chuo na wafanyakazi wa ofisini, kila kundi liwe na wake 150. Kugawa 150 katikati hakutoshi.

Lini: epuka Ramadhani, isipokuwa unatengeneza juisi ya futari. Unywaji wa juisi hubadilika mwezi huo, na tende hupata upendeleo ambao hautadumu hadi baada ya Idi. Vilevile usihoji saa moja tu ya siku. Wanaopita stendi asubuhi si wale wa jioni.

Namna ya kuchagua: weka kanuni kama "kila mtu wa tano anayepita mstari huu" na uishike. Mhoji akiachiwa achague mwenyewe atachagua wenye sura za upole na wasio na haraka. Rafiki, shemeji na jirani hawahesabiki.

Ukichukua majina au namba za simu, kumbuka Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa kazi hii namba ya simu haina faida. Usiichukue.

## Hatua ya 5: Hoji

Mhoji anachukua bahasha, anachanganya kadi nne, anazipanga kwenye stuli kwa mraba, anauliza, anaandika, anarudisha. Bahasha nazo zichanganywe kabla ya kila mhojiwa mpya ili seti ya 13 isiwe ya mwisho kwa kila mtu, wakati akili imechoka. Fomu iwe na mistari 13, kila mmoja ukionyesha majina ya ladha nne za seti hiyo. Mhoji anaweka K kwa ya kwanza na M kwa ya mwisho. Namba tupu kwenye fomu huzaa makosa, kwa hiyo andika majina.

Mwache mhojiwa aishike kadi mwenyewe. Mtu anayekupa kadi mkononi huamua upesi kuliko anayetakiwa kutaja jina, na mwenye shida ya kusoma hahitaji kujieleza.

Seti 13 zikiisha, usimwachie. Tandaza kadi zote 13 na umwambie: *"Tenga zile ambazo kweli ungetoa hela ununue kwa bei hii."* Andika alizotenga, hata kama ni moja au hakuna.

Swali hili la nyongeza watu huliruka, kisha wanajuta. Mchezo wa kadi nne hukupa mpangilio tu. Mtu asiyependa juisi hata moja atakuwa na ya kwanza na ya mwisho vilevile. Bila mstari huu wa "ningenunua", unaweza kuchagua mshindi kati ya ladha ambazo hakuna anayezitaka.

Onyo kwa wahoji: msiitikie majibu. "Eeeh, hata mimi!" moja inatosha kuharibu seti kumi zinazofuata.

Umefanikiwa kama: kufikia seti ya tatu mhojiwa anachagua kabla hujamaliza kuuliza. Huo ndio mwendo unaotakiwa.

## Hatua ya 6: Ingiza na kagua data

Kwenye jedwali weka mstari mmoja kwa kila seti. Mtu mmoja basi ana mistari 13. Kolamu A ni namba ya mhojiwa, B toleo, C seti, D ladha ya kwanza, E ladha ya mwisho.

Pembeni tengeneza jedwali la pili: kila mhojiwa mstari wake, kila ladha kolamu yake. Kama namba za wahojiwa zinaanzia H2 na majina ya ladha yanaanzia I1, fomula ya I2 ni:

=COUNTIFS($A:$A,$H2,$D:$D,I$1)-COUNTIFS($A:$A,$H2,$E:$E,I$1)

Vuta hadi mwisho kulia na chini. Mipangilio ya lugha kwenye baadhi ya kompyuta hutaka nuktamkato badala ya mkato. Fomula ikigoma, anza kuangalia hapo.

Sasa ukaguzi, ambao una sehemu tatu.

Jumla ya kila mtu lazima iwe sifuri: ana K 13 na M 13. Isipokuwa sifuri, kuna seti iliyokosa K au M, au jina lililoandikwa kwa tahajia mbili. "Tikitimaji" na "tikiti maji" kwa kompyuta ni vitu viwili.

Hakuna seti ambayo ya kwanza na ya mwisho ni ladha moja.

Halafu kuna kipimo cha kumnasa aliyejibu ovyo, au mhoji aliyekaa chini ya mwembe akajaza fomu mwenyewe. Chukua alama 13 za mtu mmoja, kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha (fomula ni SUMSQ). Kwa mpangilio huu wa 13, anayechagua bila kuangalia hupata wastani wa 26. Mwenye msimamo kamili asiyejipinga hata mara moja hupata wastani wa karibu 68. Watu wa kawaida huwa katikati. Aliye chini ya 35 mwangalie kwa makini: alihojiwa na nani, saa ngapi, kwa muda gani? Usimfute kwa namba hiyo peke yake, kwa kuwa mtu asiyejali ladha naye ni mteja. Lakini wahojiwa wenye alama za chini wakiwa wote ni wa mhoji mmoja, unajua la kufanya.

Umefanikiwa kama: jumla ya K zote ni idadi ya watu mara 13, na M vivyo hivyo. Kwa watu 160 ni 2,080 kila upande.

## Hatua ya 7: Soma matokeo bila kujidanganya

Hizi ni namba za mfano tu, kwa watu 160. Kila ladha imeonyeshwa mara 640.

- Ukwaju: kwanza 262, mwisho 58, tofauti +204
- Pasheni: kwanza 248, mwisho 61, tofauti +187
- Tangawizi: kwanza 214, mwisho 206, tofauti +8
- Tikitimaji: kwanza 91, mwisho 84, tofauti +7

Gawa tofauti kwa 640 upate alama kati ya −1 na +1. Ukwaju 0.32, pasheni 0.29, tangawizi 0.01, tikitimaji 0.01.

Jambo la kwanza: je, ukwaju umeishinda pasheni? Usijibu kwa macho. Tengeneza kolamu ya tofauti, alama ya ukwaju toa alama ya pasheni, kwa kila mtu. Wastani wake hapa ni 17 kugawa kwa 160, yaani 0.11. Tuseme STDEV (fomula ya mkengeuko sanifu) ya kolamu hiyo ni 2.6. Gawa kwa kipeuo cha pili cha 160, ambacho ni 12.65, kisha zidisha kwa 2: unapata 0.41. Tofauti ya 0.11 yenye shaka ya 0.41 maana yake ni sare. Waambie wenzako hivyo hivyo, kwamba ni sare, hata kama meneja anataka jina moja.

Jambo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Tangawizi na tikitimaji zina alama sawa, lakini ni vitu tofauti kabisa. Tangawizi imechaguliwa ya kwanza mara 214 na kuachwa ya mwisho mara 206: kuna watu wanaiwinda na kuna watu hawataki kuisikia. Tikitimaji haimkeri mtu na haimvuti mtu. Kwa mfanyabiashara mwenye nafasi tatu, tangawizi ni mali na tikitimaji ni kujaza friji. Anayeangalia wastani peke yake atazitupa zote mbili. Ndiyo maana orodha yako ionyeshe K na M kando kando, na tofauti ifuate baadaye.

Angalia pia swali la kutenga kadi. Ladha iliyo juu kwenye mpangilio lakini imetengwa na watu wachache inasema tatizo ni juisi yenyewe, au bei yako.

Ukitaka hesabu za kina zaidi, programu huria ya R ina kifurushi kiitwacho support.BWS kinachofanya kazi hii. Kwa uamuzi wa friji, kuhesabu kwa mkono kunatosha kabisa.

## Hatua ya 8: Chagua timu, usichague washindi watatu

Kuchukua ladha tatu za juu ni kosa la kawaida, hasa kwa wenye haraka. Kama wapenzi wa ukwaju ndio hao hao wapenzi wa pasheni, chupa mbili zinamgombania mteja mmoja huku mwingine anaondoka mikono mitupu.

Fanya hivi. Sema mtu "amefikiwa" na ladha kama ameipa +3 au +4 na pia aliitenga kama ya kununua. Anza na ladha inayofikia wengi. Waondoe waliofikiwa. Kati ya waliobaki, tafuta inayofikia wengi zaidi. Rudia mara ya tatu.

Kwenye mfano wetu, ukwaju unawafikia 70. Wamebaki 90. Pasheni inawafikia 31 kati yao, tangawizi 38. Chukua tangawizi, wamebaki 52. Embe inawafikia 19, pasheni 17. Chukua embe, na timu ya ukwaju, tangawizi na embe imewafikia 127 kati ya 160. Tatu za juu kwa alama, yaani ukwaju, pasheni na embe, zingewafikia 110. Tofauti ya watu 17 imetokana na ladha ambayo wastani uliiweka katikati ya orodha.

Njia hii ya kuondoa na kurudia si lazima itoe timu bora kuliko zote. Kwa ladha 13 kuna timu za watatu 286, na kompyuta inaweza kuzipitia zote. Jaribu angalau kubadilisha ladha ya kwanza uone kama jumla inapanda. Kama timu mbili zinakaribiana, chagua ile ambayo matunda yake yanapatikana mwaka mzima kwa bei unayoimudu.

Umefanikiwa kama: unaweza kusema kwa kila chupa inamlenga nani, na hakuna chupa mbili zinazomlenga mteja yule yule.

## Hatua ya 9: Onjesha kabla hujachapisha lebo

Kadi hupima wazo la juisi lililo kichwani mwa mtu. Ukwaju anaoufikiria huenda ni wa shangazi yake, na wako ni mwingine. Chukua ladha tatu za timu na moja ya akiba, zimimine kwenye vikombe visivyo na majina, uwaonjeshe wanunuzi wapya, maji ya kusuuza mdomo yakiwepo. Badilisha mpangilio wa vikombe kwa kila mtu. Ladha iliyopanda kwenye kadi ikaanguka kwenye kikombe ina tatizo la mapishi, na hilo unaweza kulirekebisha. Iliyoanguka kwenye kadi usihangaike kuiokoa kwa mapishi, maana hakuna atakayeinunua ili aionje.

Bei isubiri zoezi lake. Usijaribu kuitoa kwenye data hii, na wala usijaribu kupima kwa pamoja ladha, ukubwa wa chupa na bei kwa kadi hizi. Mchanganyiko wa sifa unahitaji mbinu nyingine, ambapo kila kadi ni bidhaa nzima.

Hifadhi data ghafi, fomu na matoleo ya mpangilio mahali pamoja. Ukitaka kurudia mwakani ili uone kama wateja wamebadilika, tumia orodha ile ile ya ladha 13, swali lile lile neno kwa neno, na msimu ule ule. Alama hizi ni za kulinganisha ndani ya orodha: ukitoa ladha mbili dhaifu na kuingiza mbili zenye nguvu, ukwaju utashuka hata kama hakuna mteja aliyebadili mawazo. Kama ni lazima uongeze ladha mpya, linganisha miaka miwili kwa swali la kutenga kadi tu.